Madebe Kumi na Moja Mbele ya Duka

Salha, mwanangu, uliyebeba jina la mama yangu,

Nimefunga duka kabla ya alasiri, jambo ambalo sikulifanya hata nilipokuwa na homa. Wateja wawili wamegonga mlango, nimewaambia warudi kesho. Wewe uko Namuwongo unaagana na wenzako wa baiskeli na wale akina mama wa kando ya reli, na najua hutarudi mapema, maana kuagana hujui. Unasema "haya, kwaherini," halafu unasimama mlangoni saa nzima. Basi nina muda. Nimekaa kwenye kaunta ya baba yako, juu ya kile kiti chenye mguu uliofungwa waya, na kalamu mpya nimeifungua kwa ajili yako.

Sitakuandikia habari za blanketi. Shangazi yako Mariamu ameshakufungia mbili, pamoja na dawa ya mbu na ubani, utadhani Kisumu hakuna maduka. Wala sitakwambia ule, usali, ulale mapema. Hayo nimekwambia tangu unajifunza kutembea, uliyoyashika umeyashika. Barua hii ni ya jambo jingine, na nakuomba uisome leo leo, usiende nayo kwenye basi. Utaikuta juu ya mto wako. Nimejaribu kukueleza kwa mdomo mara tatu wiki hii, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula.

Nianze na asante. Naiweka mwanzo kwa sababu ikija mwishoni utadhani nakupaka mafuta. Asante kwa kunifungua macho nikiwa mtu mzima, mwenye miwani na magoti yanayouma. Asante kwa kunifundisha kitu ambacho mama yangu, uliyebeba jina lake, angezimia kukiona. Na asante kwa kunipenda mwaka huu mzima bila kujua unampenda nani. Hilo la mwisho ndilo linaloniandikisha.

Unaikumbuka baiskeli ya baba yako? Ile nyeusi, ya chuma kizito, yenye kiti kipana nyuma. Ulikuwa na miaka minne ilipotoka hapa nyumbani, huenda unakumbuka kengele tu. Nilipoolewa nikaletwa Bukoto, baiskeli hiyo ndiyo ilikuwa gari letu. Ilibeba misumari, ikabeba rangi, ikabeba vitasa na bawaba. Siku za sikukuu ilinibeba mimi kwenda Kibuli kwa mama mkubwa, nimekaa upande, miguu yote pamoja kama ilivyompasa mke wa mtu, mkono mmoja kiunoni mwake na mwingine umeshika baibui lisiingie kwenye mnyororo. Na kila akirudi, baba yako aligonga kengele mara mbili. Mlango ulikuwa wazi, hakuwa na haja ya kugonga. Ilikuwa namna yake ya kusema nimefika, ni mzima. Ulipopata baiskeli yako mwenyewe, ukaanza kugonga mara mbili ukifika, na siku ya kwanza nilipoisikia nilikuwa nakoroga ugali, nikauacha ukaungua.

Sasa, nani aliyeitoa baiskeli ile? Mimi. Tuliponunua ile pikapu kuukuu, baba yako alitaka baiskeli ibaki kwa kazi za karibu. Nikamwambia, "Watu watasema gari tumeazima." Kwetu sisi, mwenye baiskeli ni mtu ambaye bado hajafika. Muuza ndizi, muuza maji, ndio wa baiskeli. Mimi nilitaka tuonekane tumefika. Nikamwita mchuuzi mmoja wa matoke nikampa bure, mbele ya majirani, nikijiona mkarimu. Kesho yake baba yako aliiacha pikapu uani akatembea kwa miguu kwenda kumpelekea mteja bawaba, na mimi nikacheka nikasema mzee huyu hajui raha. Alikuwa anaomboleza, mwanangu. Nilikuja kulielewa hilo miaka mingi baada ya kumzika.

Kwa hiyo ulipokuja na baiskeli yako ya mtumba, mwaka wako wa kwanza Kyambogo, mimi nilichokiona mlangoni kilikuwa umaskini unarudi. Tena kwa msichana, tena mjukuu wa maalim. Niliifungia stoo, nyuma ya madebe ya rangi, nikaweka ufunguo kifuani. Nikakupa nauli ya taksi kila asubuhi, nawe kila asubuhi ukaiweka juu ya kaunta hii hii na kwenda chuo kwa miguu, Bukoto mpaka Kyambogo, ukipanda na kushuka milima ile. Jioni ulipita mbele ya wateja wangu kwa makusudi, viatu vimejaa vumbi jekundu, ukinisalimia kwa adabu kubwa. Ulivumilia mwezi mzima. Ukaidi huo umeutoa kwangu, sikatai. Mwishowe nilikutupia ufunguo bila kukuangalia usoni, na wewe ukaubusu mkono wangu. Ningekuwa mimi, nisingeubusu.

Halafu wakaja wenzako. Uani kwangu kukajaa vijana wenye kofia ngumu za plastiki, na wakubwa wachache wenye mvi ambao sikuwaelewa kabisa, watu wenye kazi zao na magari yao, wameyaacha nyumbani. Mlichora barabara juu ya karatasi za mifuko ya saruji yangu, mkazipasua na kuzitandaza chini, mkachora miti, njia za watoto wa shule, mahali pa kupumzika wazee, mkamchora hata yule mama wa mahindi ya kuchoma na jiko lake. Nilikuwa nikiwaletea chai nikiwasikiliza kama mtu anayesikiliza hadithi. Kilichonishangaza ni kwamba hamkuwa mnazungumza baiskeli tu. Mlikuwa mnazungumza moshi unaoingia vifuani mwa watoto, mafuriko yanayoshuka Namuwongo kwa sababu sisi wa juu tumefunika kila kipande cha udongo kwa zege, na kijana anayetumia nusu ya siku yake amekaa kwenye foleni. Wewe ulisema mji ni watu wanaofika, magari ni njia mojawapo tu. Nikajisemea, mtoto huyu anaota. Lakini nilijisemea kwa fahari, hilo ulijue.

Na ulikuwa na swali lako lile moja. Ulimwuliza kila mtu: unataka kufika wapi bila kuogopa? Ulilipeleka Namuwongo, ukawauliza mahamali wanaotembea juu ya reli kwenda viwandani kwa sababu kando ya barabara hakuna pa kuweka mguu. Ukamwuliza mama mmoja Mkongo muuza vitenge, akakwambia kwa Kiswahili chake, "Miye nataka tu nifike ku hospitali na mutoto mugongoni bila kugeuka-geuka nyuma." Ulilia ulipotusimulia. Siku hiyo uliniuliza na mimi, mbele ya wote, nami nikakujibu, "Mimi sina pa kwenda. Dukani nimeshafika." Watu wakacheka. Wewe uliliandika jibu langu kwenye daftari kama ulivyoandika ya wengine, hukucheka.

Sasa tunafika kwenye madebe.

Mlipopata ruhusa ya kujaribu njia ya baiskeli kwa miezi mitatu, kuanzia mlangoni petu mpaka kwenye njia panda, hamkuwa na kitu cha kuitenga na magari. Mimi ndiye niliyesema, chukueni madebe yangu matupu ya rangi. Kumi na moja. Mkamimina zege chini, mkajaza udongo juu, mkayapaka njano na nyeupe. Mlitaka kupanda maua, nikawaambia maua hayaliwi, angalau moja pandeni mchaichai. Mkaupanda kwenye la kwanza, lililokuwa mbele ya mlango. Ilikuwa njia nyembamba, hatua mbili tu, lakini kuanzia siku ile wanafunzi wakaanza kupita pale kwa miguu na baiskeli, na yule mzee anayechechemea aliacha kupita kwa kukimbia. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Sitajitetea kwamba sikuona faida yake.

Lakini lori la saruji halikuwa na pa kusimama. Dereva alisimama chini kule kwenye mteremko, wapakuzi wakalalamika kubeba mifuko kupanda kilima, akatukana, akaondoka. Mara ya pili akarudi kiwandani na mzigo wote. Wateja wakaanza kuniambia, "Nnyabo, mama, saruji hapana?" wakavuka kwenda kwa yule jirani mwenye duka kama letu. Nikaona kazi ya baba yako inanifia mikononi. Wewe uliniuliza, nakumbuka tulikuwa tunakunja nguo, "Mama, lori linakuja saa ngapi? Tunaweza kupanga." Nami nikakwambia lori halina saa. Ilikuwa uongo. Lori lina saa, nalijua saa yake kama ninavyojua saa ya swala. Nilikuwa nimekasirika, na mtu aliyekasirika hataki dawa.

Siku ya nne baada ya hapo, niliposali alfajiri, nilitoka na toroli.

Mimi, Salha. Hakuna mwingine. Nilizaliwa kwenye familia ya duka, najua kuviringisha kitu kizito kwa ukingo wake. Nilichukua moja moja, kukianza kupambazuka, nikayaingiza stoo. Nikang'oa mimea, nikayafunika kwa vifuniko vya rangi, nikayageuza upande uliopakwa uangalie ukutani, nikayapanga nyuma ya madebe mapya. Nani atatafuta debe la rangi kwenye stoo ya rangi? Wewe mwenyewe uliingia mle siku ile ile kuchukua ufagio, ukasimama mbele ya madebe yale ukilia, nami nikakushika bega. Mchaichai sikuweza kuutupa. Niliupanda nyuma ya jiko. Ndio huo unaounywa kwenye chai kila asubuhi.

Saa moja asubuhi lori likaja likasimama mlangoni. Na saa moja na nusu wewe ulikuwa umevuka barabara, umesimama mbele ya steji ya boda, unamfokea Ssalongo, mwenyekiti wao, mtu aliyekubeba mgongoni ulipokuwa mdogo siku ya mvua ile. Ulimwambia watu wake ndio walioyaiba, maana walishanung'unika kwamba njia imewabana. Kweli walinung'unika. Mimi nilikuwa nimesimama hapa hapa kwenye kaunta nikisikia kila neno. Ssalongo alikuangalia wewe, kisha akaangalia huku kwangu, mara moja tu, akakubali kosa lisilo lake, akasema, "Kale, mutoto yangu. Pore." Kikundi chenu kikaandika malalamiko, mwenyekiti wa mtaa akaihamisha steji kule chini kando ya mtaro, kwenye jua na harufu. Nami nikauza saruji.

Wiki ya tatu baada ya hapo ndipo pikapu moja ya mpita njia ikakubana pale pale, mahali ambapo debe la pili lingekuwepo. Nilisikia chuma, sikusikia sauti yako. Nilipotoka nilikukuta umelala kwenye vumbi, mkono umegeuka kusikostahili, kofia yako imepasuka badala ya kichwa, Alhamdulillahi. Aliyekuokota alikuwa Ssalongo. Alikimbia kutoka kule mtaroni tulikompeleka. Alikuweka kwenye pikipiki yake, mwenzake akakaa nyuma kukushikilia usianguke, wakakufikisha kliniki kabla mimi sijapata viatu.

Walipokuingiza kufungwa mfupa, nilimkuta amekaa kwenye benchi na damu yako kwenye shati. Nilianza kumshukuru, akanizuia.

"Nnyabo, mimi naona wewe ile asubui," akasema. "Wewe na torori. Mimi nakuwa naenda kusali misa, naona."

Nikamwuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Mimi naseme nini? Mutoto iko nakasirika na steji, hiyo inapita. Steji inaweza kuhama. Mama hapana weza kuhama."

Halafu akanyanyuka akaenda kunitafutia maji ya kunywa. Huyo ndiye mtu niliyemwacha akae mtaroni mwaka mzima na zaidi. Kila nilipotaka kusema, nilikuangalia na ule mkono wako kwenye plasta, nikasema apone kwanza. Ukapona. Nikasema amalize mitihani. Ukamaliza. Ukweli una visingizio vingi vya kusubiri, na mimi nilivijua vyote.

Plasta ilipotoka uliogopa barabara. Hukusema, lakini baiskeli ilikaa uani na wewe ukawa unaizunguka. Ndipo siku moja ukaniambia, "Mama, ukipanda wewe, mimi nitarudi." Ulikuwa unatania. Mimi nilikubali kwa sababu ya dhambi yangu, si kwa ushujaa. Ungeniambia siku ile nipande mnara, ningepanda. Jumapili ile uwanjani Kyambogo nilivaa suruali ya marehemu baba yako chini ya baibui, nikalifunga kwa kamba ya katani. Ulikimbia nyuma yangu umeshika kiti kwa mkono wako ule ule mbovu, ukipiga kelele, "Angalia mbele, usiangalie gurudumu!" Nikaanguka kwenye nyasi mara nne. Mara ya tano sikuanguka. Nilizunguka goli, wanafunzi wakapiga makofi, na nilipogeuka kukutukana kwa kuniachia, nikakuona mbali kule, umeinama, unacheka huku machozi yanakutoka. Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimekwenda mahali haraka bila kubebwa na mtu. Sijui nitakulipa nini kwa hilo. Hakuna kitu dukani mwangu chenye thamani hiyo.

Ningeweza kukaa kimya, Salha. Nakwambia kweli, nilikuwa nimeshaamua kukaa kimya. Kilichonivunja ni maneno yako ya wiki iliyopita, tukila. Ulikuwa unatusimulia mimi na shangazi yako kazi yako mpya, jinsi ofisi ile ya Kisumu inataka uwasaidie kupanga njia za baiskeli na za miguu, jinsi utakavyoanza kwa kukaa na watu. Halafu ukasema, "Kitu ya kwanza nitawaambia ni hii: watu wa boda msiwaweke kwenye mpango. Mimi nimeyaona, mlangoni kwetu. Ndio wanabomoa."

Nilirudisha tonge sahanini. Kosa langu lilikuwa limekaa Bukoto, nikidhani ni la kwangu na la Ssalongo. Sasa nikaona unalifunga kwenye begi pamoja na blanketi za Mariamu, unavuka nalo mpaka, unakwenda kulijenga katika mji wa watu. Kuna vijana huko sijawaona wala sitawaona, nao watasogezwa kando ya mitaro yao kwa sababu mama mmoja wa Kampala alitoka na toroli. Hilo sikuliweza.

Kwa hiyo leo saa sita mchana, wewe ulipoondoka, nilishuka mpaka mtaroni. Walikuwa watu tisa na pikipiki zao. Nilisimama juani, nikawaambia yote, kama nilivyokuandikia wewe. Sikulia, nilijikaza. Kisha mmoja, yule mrefu mwenye jaketi la bluu, akaniambia, "Nnyabo, sisi tumekaa hapa mwaka muzima na mbu. Wateja wanasema sisi wezi. Wewe unakuja reo na pore?" Akapiga pikipiki yake teke akaondoka. Hakunisamehe na simlaumu. Nimemwandika hapa ili usije ukadhani mambo yote yameisha kwa kukumbatiana.

Ssalongo aliendelea kufuta taa ya pikipiki yake ambayo ilishakuwa safi. Mwishowe akaniuliza, "Mutoto anajua?"

Nikamwambia atajua leo.

"Kale," akasema. Halafu akawageukia wenzake: "Nyinyi, mumesikia mama. Sasa ile debe iko wapi? Lakini mama, sisi pia tunataka fasi. Kama hii balabala ni ya kila mutu, boda pia ni mutu."

Nikacheka, wallahi, mbele yao wote, na yeye akacheka. Tukapanda pamoja mpaka dukani, tukapima kwa hatua zake. Ukiacha kivuli cha ule mvule wa kwenye njia panda kwa ajili ya steji, njia ya baiskeli inapita bila kumgusa mtu. Nafasi ilikuwepo siku zote. Na dereva wa lori nimempigia. Atakuja kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na kusimama kwenye uchochoro wa ubavuni, kama ambavyo ungenipangia wewe siku ile tuliyokuwa tunakunja nguo, laiti ningekutajia saa. Mwenyekiti wa mtaa nimemwandikia kwa mkono wangu na jina langu chini. Wenzako nao nitawaambia mwenyewe keshokutwa, uani, na chai. Usinitangulie katika hilo, niachie.

Sina busara ya kukufundisha kuhusu miji, wewe ndiye uliyeisomea. Nina nililoliona kwenye kaunta hii tu. Uliponiletea mji wako mzuri niliupenda mpaka ulipofika mlangoni kwangu, na hapo nikauogopa, na nilipouogopa sikusema naogopa. Nilisema lori halina saa. Huko uendako utakutana na akina mimi wengi, wanaocheka kwenye mikutano na kuleta chai. Usituchukie. Tuulize mara ya pili, tukiwa peke yetu. Na yule anayepiga kelele hadharani kwamba njia imembana, huyo msikilize pia, maana angalau yeye amekwambia.

Nataka pia kubadilisha jibu langu kwenye daftari lako, kama hujalitupa. Uliniuliza nataka kufika wapi bila kuogopa. Andika: Kyambogo, uwanjani, kwa baiskeli, Jumapili asubuhi. Na ukibaki na nafasi kwenye mstari, andika pia: mbele ya mwanangu, nikiwa nimeshamwambia.

Kesho nitakuwa nimeamka kabla yako. Ssalongo amesema atakupeleka kwenye basi yeye mwenyewe, begi lako mbele na wewe nyuma; atakusubiri chini ya mvule, kwenye steji yao. Kutoka mlangoni mpaka pale ni hatua chache. Baiskeli yako, uliyosema nibaki nayo, nitakuwa nimeiegemeza nje, matairi yamejazwa. Na madebe yatakuwa barabarani. Nilipoanza barua hii yalikuwa bado stoo. Sasa hivi nasikia vijana wa boda wanayatoa kwa mlango wa nyuma, wanagombana yapi yatangulie. Ni kumi, moja lilipasuka siku niliyoliangusha. Mchaichai nimeukata nusu nikaurudisha kwenye la kwanza. Nusu nyingine nimeibakiza nyuma ya jiko, kwa chai yako ukija.

Sitakuuliza asubuhi kama umenisamehe. Nitakuwa dukani, nimekupa mgongo, napanga misumari iliyokwisha kupangwa, ili uso wangu usikulazimishe. Kama bado una hasira, sukuma baiskeli kwa mkono mpaka kwa Ssalongo, iache hapo, nitaifuata baadaye, na nitakungoja kama nilivyokusubirisha wewe. Lakini ukiona unaweza, ipande. Pita ndani ya njia yako, madebe yakiwa kuliani kwako na magari upande wa pili. Na ukifika kwenye lile la mwisho, gonga kengele mara mbili.

Nitasikia.

Mama yako, anayekushukuru kuliko alivyowahi kukwambia,
Mwanahawa